Kituo Kidogo Karibu na Wami

Nilihitimu mafunzo ya reli mwaka 1979, miaka miwili baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika. Nilitazamia kupangiwa Morogoro au Dodoma, kwenye pilikapilika za Reli ya Kati. Barua ilipokuja ilisema niende nikawe msaidizi wa stesheni masta kwenye kituo kidogo karibu na Mto Wami, katika njia ya kutoka Ruvu kwenda Mnyusi. Leo naishi Yombo Vituka, wilayani Temeke, na honi za TAZARA nazisikia nikiwa kitandani. Lakini ukiniuliza nilifanya kazi gani maishani, nitakutajia kituo kile, ambacho hakipo tena.

Wakazi wengi wa Dar es Salaam hawaijui njia hiyo. Wajerumani walitujengea reli mbili zisizokutana. Ya Tanga walianza kuijenga 1893, na ya Dar es Salaam 1905, ikafika Kigoma 1914. Kisha Waingereza, katika Vita vya Kwanza, wakaivuta reli yao kutoka Voi hadi Kahe, ikaungana na ile ya Tanga. Matokeo yake, kahawa ya Kilimanjaro ilikuwa na reli ya kuipeleka Mombasa miaka mingi kabla ya kuwa na reli ya kuileta Dar es Salaam. Kipande chetu, kilometa 188, kilikamilika 1963, baada ya Uhuru, na ndicho kilichozikutanisha. Mpaka wa Kenya ulipofungwa 1977, mizigo ya reli ya kaskazini haikubaki na mlango mwingine ila bandari ya Tanga na njia yetu.

Reli ilikuwa moja, treni zikienda na kurudi juu yake. Kwa hiyo kabla ya kumruhusu dereva kuondoka, nilizungusha simu nikaomba njia kwa mwenzangu wa kituo cha mbele. Akikubali, tunaandika wote wawili daftarini, saa na dakika, ndipo dereva anapata hati yake. Akina mama wa kijijini walikuwa wakijua treni imetoka Ruvu kwa kuniona tu nikitoka nje na bendera, na papo hapo mihogo ya kuchemsha na samaki wa kukaanga vinapangwa kandokando ya njia.

Hata hivyo, aliyekiweka hai kituo kile hakuwa mimi wala dereva. Ni genge la kutengeneza njia. Alfajiri mnyapara wetu, mzee wa Kiha kutoka Kigoma, aliwatoa watu wake na nyundo, spana na majembe. Walikaza boliti, wakabadilisha mataruma yaliyooza, wakashindilia kokoto, wakazibua makalavati. Eneo lile lina simba na tembo wa upande wa Saadani, na bado walilitembea kwa miguu.

Masika moja, saa nane usiku, mzee alikuja ofisini ameloa chapachapa. Treni ya saruji ya Tanga ilikuwa inasubiri hati.

"Bwana stesheni, usimpe njia huyo. Tuta linakunywa maji."

Nilimzuia dereva. Genge likafanya kazi kwa taa za mafuta hadi kukapambazuka, likitoa magogo na matope yaliyoziba kalavati, kisha likajaza kokoto palipobonyea. Dereva na gadi walikula ugali kwangu. Treni ilipita asubuhi, mwendo wa konokono, salama. Daftarini niliandika tu kwamba imechelewa kwa sababu ya njia. Majina ya wale watu hayakuandikwa popote.

Husemwa kwamba malori ndiyo yaliyoiua njia ya Tanga. Ni kweli barabara ilichukua abiria na mizigo, na mkonge, uliozidi tani 200,000 kwa mwaka mnamo 1964, ulikuwa umeporomoka. Lakini mimi niliona mwanzo wake. Mtu wa genge alistaafu, hakuletwa wa kuziba nafasi yake. Magenge mawili yakafanywa moja, likapewa kipande kirefu lisichoweza kukimaliza. Makalavati yakajaa mchanga. Njia ikilegea, dereva huamriwa apunguze mwendo. Treni ikichelewa, mfanyabiashara huhamia kwenye lori. Mapato yakishuka, hupunguzwa watu tena, na wanaopunguzwa kwanza ni walewale wa genge.

Katika miaka ya 1990 treni za abiria zilikoma, na kituo kikafungwa. Nililetwa Dar es Salaam kulinda geti la reli Buguruni, na nikiwa hapo ndipo nikasikia, 2007, kwamba hata mizigo ya kaskazini imesimama. Miti ikaota katikati ya mataruma. Oktoba 2012 ilipoanza treni ya mjini, ile ya Ubungo, nilifurahi kuona tena watu wamebanana madirishani.

Nilikuwa nimeshastaafu treni za mizigo ziliporudi kaskazini Julai 2019, na za abiria Desemba mwaka huo. Nilikata tiketi ya Moshi. Pale kwetu hatukusimama. Nyumba za genge hazina mapaa.

Tangu Juni 2024 treni ya umeme inakwenda Morogoro, na tangu Julai mwaka huo inafika Dodoma, mwendo wa hadi kilometa 160 kwa saa. Najivunia reli hiyo kama Mtanzania yeyote. Nina ombi moja kwa wanaoisimamia, na kwa wanaoifufua ya zamani: ajirini watu wa vijiji vya kando ya reli, wapeni nyumba, mishahara ya kueleweka na vipande vifupi wanavyoweza kuvimaliza kwa miguu, na akistaafu mmoja mleteni mwingine mwezi uleule.