Neno "Kukataa" Tulilolitangaza Msikitini



Kwa miaka kadhaa tumekuwa tukishika daftari la matangazo la msikiti wetu, na hakuna tangazo tunalolijutia kama lile tulilolisoma Ijumaa moja baada ya swala. Maneno yake yalikuwa machache: "Ndugu yetu aliyepandikizwa figo, mwili wake umeikataa. Tumwombee dua." Habari hiyo tuliipata kwa mkewe, naye aliipata kwa daktari. Hatukuongeza neno, wala hatukuuliza maana yake.

Ndugu huyo ni mwalimu wa madrasa. Shinikizo la damu liliharibu figo zake, akawa anasafishwa damu kwa mashine mara tatu kila wiki. Dada yake alijitolea figo moja, nao waumini wakachanga fedha za matibabu. Ujumbe ule ulifika mwezi wa tatu baada ya upasuaji.

Kabla ya Alasiri, neno "kukataa" lilikuwa limekwisha kuzaa maneno mengine. Ilisemwa kwamba dada hakutoa kwa moyo safi, kwa kuwa aliwahi kuvutana na kaka yake kuhusu nyumba ya mirathi. Wengine walisema ni dalili kwamba jambo lenyewe halina radhi za Mwenyezi Mungu. Mzee mmoja alituuliza kama michango iliyobaki itarudishwa. Dada akaacha kwenda kumjulia hali kaka yake. Zito kuliko yote, tangazo lilipomfikia mgonjwa, alimwambia mkewe, "Dawa za nini tena? Hela hiyo ibaki kwa watoto." Siku mbili hakumeza dawa. Mkewe alitupigia simu usiku akilia.

Asubuhi tuliandamana nao hospitalini. Daktari alipokwisha kumhudumia mgonjwa, alitugeukia. "Ustadhi, mwili haumjui dada wala haujui nyumba ya mirathi," alisema. "Kinga ya mwili ni kama mlinzi wa usiku. Kazi yake ni kumzuia yeyote asiyemtambua. Figo hii ni ngeni kwake, kama vile kijidudu cha maradhi kilivyo kigeni. Dawa anazomeza kila baada ya saa 12 ndizo zinazomtuliza mlinzi huyo. Akiziacha, tunampoteza."

Akatueleza kwamba kukataa huko ni kwa namna tatu. Ipo kunakotokea ndani ya dakika au saa chache baada ya upasuaji, na mara nyingi figo hiyo haiokoki. Ndiyo maana damu za mtoaji na mpokeaji hupimwa pamoja kabla ya upasuaji. Ipo kunakotokea zaidi katika wiki na miezi ya mwanzo, ambako mara nyingi hutibika kukiwahiwa. Na ipo kunakokwenda polepole kwa miaka. Cha ndugu yetu kilikuwa cha namna ya pili. Kipande kidogo cha figo kilichochukuliwa kwa sindano kilithibitisha hivyo, naye akatundikiwa dripu za dawa kali kwa siku kadhaa.

Tulirudi nyumbani tukiona haya. Chuoni tulifundishwa kwamba neno lina maana ya kilugha na maana ya kiistilahi. Swala kilugha ni dua; kiistilahi ni ibada yenye nguzo na masharti yake. Asiyetenganisha mawili hayo huharibu fiqhi yake. "Kukataa" nako ni hivyo hivyo. Katika lugha ya nyumbani, anayekataa ana moyo na nia, na aliyekataliwa amekwisha kuondolewa. Katika istilahi ya tabibu, hakuna moyo wala nia, na mara nyingi jambo halijaisha. Waarabu nao huliita jambo hili rafdh, neno lile lile la mtu anayekataa posa au ombi. Tulilichukua la hospitali tukalisoma msikitini kwa maana ya barazani.

Historia yenyewe inatusuta. Upandikizaji wa kwanza wa figo uliofanikiwa kwa muda mrefu ulifanyika Boston, Marekani, mwezi Desemba 1954, chini ya daktari Joseph Murray. Ronald Herrick alimpa figo ndugu yake Richard, ambaye aliishi miaka minane zaidi. Walikuwa pacha wa kufanana, na kwa sababu hiyo mwili wa Richard haukuiona figo ile kuwa ngeni. Halikuwa suala la mapenzi. Figo ya mama mzazi, aliyoitoa kwa machozi ya huruma, inaweza kushambuliwa na mwili wa mwanawe aliyemnyonyesha.

Na kuhusu radhi za Mwenyezi Mungu, Baraza la Fiqhi ya Kiislamu lililokutana Jeddah mwaka 1988 liliruhusu upandikizaji wa viungo kwa masharti, likiwamo la mtoaji kutodhurika katika maisha yake.

Ijumaa iliyofuata tulisimama tena. Tulisema kwamba tulikosea, kwamba figo ingali mwilini na inatibiwa, na kwamba dada hana dhambi yoyote katika jambo hili. Surat al-Hujurat inatuamrisha kuhakiki habari na kujiepusha na dhana. Tulikiri kwamba aliyetakiwa kuanza ni mwenye kushika kipaza sauti.

Jioni hiyo dada alikuja ofisini kwetu. "Ustadhi," alisema, "mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kujichunguza, labda kweli nilitoa kwa kinyongo." Hatukuwa na jibu zaidi ya kumwomba radhi. Alitusamehe, kisha akaenda kwa kaka yake.

Alhamdulillah, figo ile inafanya kazi, ingawa vipimo havikurudi vilivyokuwa mwanzo. Katika daftari letu tangazo la awali tumelipiga mstari, na pembeni tumeandika: "Mwili umeanza kuishambulia figo, anatibiwa, asiache dawa." Nawe msomaji, ukiletewa neno la daktari, muulize kwanza mambo matatu: maana yake nini, linatibika au la, na mgonjwa afanye nini leo. Kisha ndipo utangaze.

Wabillahi tawfiq.