Kwa Motaboti Kando ya Pwani ya Ireland

Wakenya wengi walifundishwa kusoma na mapadre na masista waliotoka Ireland, lakini ni wachache waliopata kuiona nchi ya waalimu hao. Ni kisiwa kilichoko magharibi ya Uingereza, na kutoka ufuko wake wa kusini na magharibi mtu hutazama bahari ya Atlantiki, ambayo ng'ambo yake ni Marekani. Mimi nilibahatika kusafiri kando ya sehemu ya pwani hiyo kwa muda wa siku tano, mwezi wa Juni, na ningependa kuwasimulia wasomaji niliyoyaona.

Chombo chetu kilikuwa motaboti ya urefu wa futi thelathini, yenye injini moja ya dizeli, vitanda vinne na jiko dogo. Tulikuwa abiria watatu pamoja na mwenye chombo, mzee aliyevua samaki katika maji hayo tangu ujana wake. Mwendo wetu haukuzidi maili nane kwa saa. Mwanzoni niliona kwamba tunakwenda polepole mno, lakini baadaye nikafahamu kuwa pwani ile haifai kupitwa kwa haraka.

Tulianza safari katika mji wa Cobh, uliomo ndani ya bandari ya Cork. Nyumba zake zimepakwa rangi mbalimbali, nazo zimepandana mlimani mpaka kwenye kanisa kuu la Mtakatifu Colman lenye kengele 49. Ni mji mzuri, lakini ni mji wa machozi. Tangu mwaka 1848 hata 1950, watu zaidi ya milioni sita waliihama Ireland, na kati yao kiasi cha milioni mbili na nusu walipandia meli hapo. Gatini pana sanamu ya msichana Annie Moore na ndugu zake wawili wadogo. Alitoka bandari hiyo, na tarehe 1 Januari 1892 akawa mhamiaji wa kwanza kupokewa katika kituo kipya cha Ellis Island, New York. Tena ndipo ilipotia nanga Titanic kwa mara ya mwisho, tarehe 11 Aprili 1912. Meli hiyo ilikuwa kubwa mno hata isiweze kufika gatini, basi abiria 123 wakapelekwa kwa vyombo vidogo mpaka mlango wa bandari. Siku nne baadaye ilikuwa chini ya bahari.

Tulipita mahali hapo asubuhi, bahari ikiwa shwari kama maziwa bakulini. Mkono wa kulia tuliona mashamba ya majani mabichi yaliyofika hata ukingoni mwa majabali, na ng'ombe wa maziwa wakilisha bila mchungaji. Wakulima wa Kenya wangependezwa na jambo hili: mvua hunyesha karibu kila mwezi, wala hapana baridi kali sana, kwa sababu mkondo wa maji ya uvuguvugu huvuka Atlantiki na kuipasha moto pwani ile. Kwa hiyo majani humea muda mrefu wa mwaka, na siagi imekuwa mali ya mkoa huo tangu zamani. Katika karne ya 19 soko la siagi la mji wa Cork lilihesabiwa kuwa kubwa kupita yote duniani.

Jioni tuliingia Kinsale, tukalala. Nasema jioni, lakini kwa saa ilikuwa usiku, maana katika mwezi wa Juni jua huzama huko karibu saa nne za usiku! Jambo moja lilinikumbusha Mombasa: maji hupwa na kujaa mara mbili kila siku, na wakati wa bamvua tofauti yake ni zaidi ya futi kumi. Nahodha asiyejua saa za maji hatakwenda mbali.

Siku ya pili tulizunguka rasi iitwayo Old Head of Kinsale, yenye mnara wa taa uliopakwa rangi nyeusi na mikanda miwili myeupe. Baharini mbele ya rasi hiyo ndipo Lusitania, meli ya abiria iliyotoka New York, ilipopigwa na manowari ya Wajerumani iendayo chini ya maji, tarehe 7 Mei 1915. Ilizama kwa dakika 18 tu, na watu karibu 1,200 walikufa.

Yapata saa nane mchana, tulipokaribia rasi ya Seven Heads, injini ilikohoa mara mbili ikanyamaza. Ugwe wa mtego wa kaa ulikuwa umejisokota katika rafadha. Huko wavuvi hutega kaa na kamba-koche kwa matundu yanayozamishwa, na juu huelea boya; maji yakienda kasi, boya huvutwa chini lisionekane. Upepo ulikuwa mdogo, lakini mkondo ulitusukuma kuelekea majabalini. Nilisikia mawimbi yakipasuka, na nakiri kwamba moyo wangu ulipiga mbio.

Mzee hakupaza sauti. Aliteremsha nanga, akangoja hata ikashika, kisha akaita kwa simu ya upepo. Halafu akatuambia, "Vaeni mavazi ya kuelea, wanangu, kisha tunywe chai." Katika nusu saa hivi mvuvi mmoja akatokea na mashua yake. Alikuwa ameacha kazi yake katikati. Akatufunga kamba nene, akatuvuta mpaka bandari ndogo ya Courtmacsherry. Tulipotaka kumlipa alikataa, akasema, "Juma lijalo huenda ikawa zamu yangu."

Jioni ile, mzee alipokuwa akikata ule ugwe kwa kisu, tulisimuliwa habari za mahali hapo. Courtmacsherry ina kituo cha mashua ya kuokolea watu tangu mwaka 1825. Kituo hiki ni cha chama kiitwacho RNLI, kilichoanzishwa mwaka 1824, ambacho huendeshwa kwa sadaka za watu. Wengi wa mabaharia wake ni watu wa kujitolea: mvuvi, seremala, mwenye duka. Wakiitwa, huacha kazi zao na kukimbilia gatini. Siku ilipozama Lusitania mashua yao, Kezia Gwilt, haikuwa na injini, na upepo haukuwapo wa kujaza tanga. Basi wale wanaume wakapiga makasia maili nyingi, saa tatu na zaidi, mikono ikichubuka. Walipofika, kazi iliyosalia ilikuwa hasa kuopoa maiti. Nilitazama maji yaliyotulia mbele yangu, nikafikiri juu ya watu wale wakivuta makasia huku wakijua kwamba wanachelewa, na bado wasiache kuvuta.

Siku ya tatu tulifika Baltimore. Kando ya mlango wa bandari hiyo, juu ya jabali, pamesimama nguzo nene nyeupe ya kuwaongoza mabaharia, ambayo wenyeji huiita Mke wa Lutu. Historia ya mji huo ingemshangaza mtu wa pwani yetu, aliyesikia tangu utotoni habari za biashara ya watumwa. Usiku mmoja wa Juni mwaka 1631, maharamia kutoka Afrika ya Kaskazini waliingia kimya kimya, wakiongozwa na Murad Reis, ambaye kwa asili alikuwa Mholanzi. Waliwanyakua watu zaidi ya mia moja vitandani mwao, waume, wake na watoto, wakawapeleka utumwani Algiers. Waliorudi makwao ni wawili watatu tu. Utumwa haukuchagua rangi. Ulichagua mtu asiye na mlinzi.

Kutoka Baltimore ni maili nane kwa barabara mpaka mji wa Skibbereen, na siku ya nne tulikwenda huko kwa motokaa. Naomba wakulima wasome sehemu hii kwa makini. Kabla ya mwaka 1845 maskini wa Ireland waliishi kwa viazi, na wengi wao walipanda aina moja tu, iliyozaa sana hata katika udongo duni. Mwaka huo ukaja ugonjwa unaokausha majani na kuozesha viazi ardhini, ugonjwa ule ule ambao wakulima wa Kinangop na Molo wanaupigia dawa leo. Aina ile haikuwa na nguvu ya kuupinga. Njaa ilidumu mpaka 1852. Watu wapatao milioni moja walikufa, na wengine zaidi ya milioni wakahama. Na nafaka na siagi ziliendelea kupakiwa melini na kuuzwa nje, kwa kuwa wenye njaa hawakuwa na fedha ya kuzinunua. Katika makaburi ya Abbeystrewry, nje kidogo ya Skibbereen, wamezikwa pamoja watu kati ya elfu nane na elfu kumi bila majina. Mahali penyewe ni uwanja wa majani tu, kijani sana. Tulivua kofia, tukasimama kimya.

Siku ya tano ndiyo niliyoingoja kuliko zote. Tulikusudia kuzunguka jabali la Fastnet, kisha twende mpaka Mizen Head. Tulipita kisiwa cha Cape Clear, ambako wenyeji bado wanasema lugha yao ya asili, Kiairishi. Pomboo sita walitusindikiza, wakirukaruka mbele ya chombo kama watoto wanaokimbia mbele ya motokaa. Kisha, maili nne hivi kutoka kisiwani, tuliliona jabali: jeusi, peke yake, na juu yake mnara wa mawe ya matale uliowashwa taa mwaka 1904. Walinzi walikaa humo mpaka 1989, mitambo ilipoanza kufanya kazi yenyewe. Watu hulipa jina la Chozi la Ireland, kwa kuwa ndilo lililokuwa kipande cha mwisho cha nchi yao kuonwa na wahamiaji waliokwenda Marekani.

Tulikuwa bado maili moja tulipoona kusini-magharibi ukungu ukija kama ukuta, na mawimbi marefu yakaanza kutuinua. Mzee alitazama mara moja, akageuza usukani. Nilimsihi, "Mzee, tumekwisha fika! Robo saa tu." Akanijibu kwa upole, "Jabali lile halitahama, mwanangu. Utalikuta ukirudi." Kisha akanieleza habari za Agosti 1979, ambapo mashua za matanga zipatazo 300 zilishindana kutoka Uingereza kulizunguka Fastnet. Dhoruba iliwakuta baharini, na mabaharia 15 wa mashindano yale wakafa. Miongoni mwa waliotoka usiku ule kwenda kuwaokoa walikuwa watu wa Baltimore na wa Courtmacsherry.

Tulipokuwa tukifunga kamba gatini Baltimore, ukungu ulikuwa umefunika bahari yote, hata Mke wa Lutu haonekani. Sikulizunguka jabali la Fastnet, wala sikuiona Mizen Head, na nilipotoka nyumbani nilikuwa nimewaahidi jamaa zangu picha za mahali hapo pawili. Lakini sijutii.

Wahenga walisema, "Tahadhari kabla ya hatari." Pwani ile imepata hatari za kila namna: maharamia, njaa, vita na dhoruba. Waliobaki hapo hawakuokolewa na injini wala na uzuri wa nchi yao. Wameishi kwa kujua wakati wa kugeuza usukani, na kwa kuacha shughuli zao mwenzao anapoita. Mkulima asiyetegemea zao moja, na jirani anayeitika usiku wa manane, wamekwisha kulielewa somo hilo pasipo kupanda chombo cha baharini.