Jim Abbott na Mlinzi wa Nguo Zetu

Sisi wa mwaka wa tano tulipewa nafasi katika nambari hii kuandika juu ya michezo. Tunajua wengi wenu munangoja habari za mechi yetu na mwaka wa sita. Mechi ile tulishindwa, muliona wenyewe, na tutaigusa kidogo tu kule mwisho. Mbele ya hapo tunataka kuwaelezea mchezo ambao hapa kwetu hakuna hata mtoto mmoja anayeucheza, na mtu mmoja aliyeucheza.

Mchezo unaitwa besiboli. Wamarekani wanaupenda sawa sisi tunavyopenda mpira wa miguu. Mtupaji anasimama mbali na mpigaji mita 18 na nusu hivi, anamtupia mpira mdogo mgumu wa kujaa kiganja. Mpigaji anashika rungu ya mti kwa mikono miwili, anatafuta kuupiga ule mpira uende mbali, apate kukimbia. Ekipe ya mtupaji ni watu tisa, na kila mmoja amevaa glavu kubwa ya ngozi kwa mkono mmoja, juu ya kudaka. Sikieni vizuri basi: mkono mmoja wa kutupa, mkono wa pili wa glavu. Mchezo wenyewe unadai mikono miwili.

Jim Abbott alizaliwa tarehe 19 Septemba 1967 katika Flint, mji wa viwanda vya motokari katika jimbo la Michigan. Alizaliwa bila kiganja cha mkono wa kuume. Alipokuwa mtoto walimpa mkono wa bandia wenye chuma cha kukamatia vitu, naye akauchukia, akauacha. Alichopenda ni ukuta. Alikuwa anatupa mpira kwenye ukuta wa matofali, na mbele mpira haujamrudilia alipaswa kuingiza mkono ule ule katika glavu na kuudaka. Alipozoea, alisogea karibu zaidi na ukuta, ili mpira urudi mbio zaidi. Miaka mingi alifanya paka vile.

Mwalimu wetu wa Kiingereza alituonyesha jambo hili katika telefone yake, na tulimwomba arudilie hata akachoka. Abbott anasimama, glavu imewekwa juu ya ncha ya mkono wa kuume. Anatupa kwa mkono wa kushoto. Mara tu mpira umetoka, mkono wa kushoto umekwisha kuingia katika glavu. Mpira ukirudi kwake anaudaka, anabana glavu kati ya kifua na mkono mfupi, anachomoa mkono wa kushoto na mpira ndani yake, na kutupa tena. Kusema kwetu ni kurefu kuliko kufanya kwake.

Sisi tulijaribu. Nyuma ya chumba cha kulia, siku ya posho kisha kazi za mikono, tulifunga mpira wa makaratasi na kamba, tukachukua kofia kuwa glavu, na kila mmoja alificha mkono mmoja ndani ya shati. Mambo yalikuwa ya kuchekesha. Kofia ilianguka, mpira ulianguka, mmoja wetu alipigwa puani. Kati ya watu kumi na mmoja hakuna aliyedaka mara tatu kwa kufuatana.

Mwenzetu mmoja alikuwa pale anatuangalia, hakucheka. Jina lake hatuliandiki, kalasi yote inalijua. Mkono wake wa kushoto haukukomaa tangu kuzaliwa. Toka mwaka wa kwanza, kila siku ya michezo, tulimpa kazi moja: kulinda nguo na viatu vyetu. Hatukumtukana hata siku moja. Tulimwita mlinzi wetu, tukinunua mandazi tulimgawia ya kwanza. Tulifikiri tunamtendea mema.

Turudi kwa Abbott. Alipoingia masomo ya sekondari kule Flint, ekipe zingine hazikumhurumia. Waliona kwamba mtupaji wa mkono mmoja atachelewa kuokota mpira unaoviringika chini, basi wapigaji waliacha kupiga kwa nguvu. Waligusa mpira polepole makusudi, mmoja kisha mwingine, uanguke karibu na miguu yake. Yeye aliokota, akatupa, akawatoa. Walipoona haifai kitu, waliacha. Tulibishana sana juu ya jambo hili. Wengine kati yetu walisema ni roho mbaya. Wengine walisema hapana, kumtafuta mtu pahali pake pa uzaifu ndio kucheza naye kweli, sawa unavyomtafuta beki mwenye mguu mmoja mzito. Tulikaa na maneno haya hata taa ikazimwa.

Katika mwaka 1985 alimaliza sekondari. Ekipe ya Toronto Blue Jays, ya wachezaji wa kulipwa, ilimchagua, lakini yeye alikwenda Chuo Kikuu cha Michigan. Hapa wengi wetu tulishangaa: kuacha mali na kwenda kusoma! Lakini kule Marekani chuo kikuu ni shamba la mchezo vilevile. Kijana anacheza na wenye umri wake, anakosea, anasahihishwa. Katika siku zake za kwanza pale, mpinzani mmoja alitaka kumuibia: alingoja mdakaji amrudishie Abbott mpira, akatoka mbio, akifikiri yule atachelewa na glavu yake. Abbott alibadili mkono, akatupa, na mkimbiaji akatolewa. Katika miaka mitatu ya chuo aliishinda michezo 26, akashindwa 8. Mwaka 1987 alikwenda na ekipe ya taifa katika Cuba, akawashinda Wacuba kwao Havana. Mwaka ule ule alibeba bendera ya Marekani katika michezo ya mataifa ya Amerika, mjini Indianapolis. Mwaka 1988, kule Seoul, alitupa mchezo wa mwisho na Japani, wakashinda 5 kwa 3.

Katika mwaka 1989 aliingia moja kwa moja katika ligi kubwa na California Angels, bila kupita katika ligi ndogo kama wengi wanavyopita. Siku ya kwanza alishindwa. Mwaka 1991 aliishinda michezo 18. Tarehe 4 Septemba 1993, katika ekipe ya New York Yankees, alitupa mchezo mzima na Cleveland pasipo hata mpigaji mmoja kupata pigo jema. Siku sita tu mbele ya hapo, Cleveland ile ile ilimpiga vibaya, akatolewa mapema.

Na mwaka 1996? Ushindi 2, kushindwa 18. Aliacha mchezo mwaka 1999, na ukijumlisha yote ni ushindi 87, kushindwa 108. Mwalimu alipoandika hesabu hii ubaoni, tulisikitika. Tulitaka mtu wa ajabu ashinde siku zote. Yule mwenzetu ndiye peke yake aliyefurahi. Alisema: “Walimuacha ashindwe mara mia moja na nane, na kila mara walimurudisha kiwanjani.”

Jioni ile tulimwendea katika chumba cha kulala, tukamwambia kwamba tunataka aingie katika ekipe. Tulifikiri atatushukuru. Alinyamaza, kisha akasema: “Munaniita leo juu ya ule Muzungu? Ule alicheza muchezo wa mikono na mukono moja. Ninyi munachezaka mupira wa miguu. Miguu mi niko nayo mbili toka zamani.”

Hatukupata jibu. Miaka mitano, ndugu wasomaji, na mpira ni wa miguu!

Mechi na mwaka wa sita alicheza beki wa kuume. Wale wa sita hawana haya: mashambulio yao yote walipitisha upande wake. Goli la kwanza lilipita pale, na wengine wetu walipiga kelele mbaya ambazo hatuziandiki. Nusu ya pili hawakupita pale tena hata mara moja. Magoli mawili mengine yaliingia upande wa kushoto, na beki wa kushoto ndiye mmoja wa waandishi wa habari hii.

Tena siku ile viatu vya watu wawili viliibiwa, juu hapakuwa mtu wa kuvilinda. Aliyeviona amwambie Bwana Prefe.