Mkanda Uliong'aa Hadi Ulyankulu

Msomaji wangu, umewahi kumnunulia mwenzi wako zawadi, akasema "asante sana mpenzi," halafu zawadi yenyewe ikaenda kulala kwenye droo ya soksi? Mimi yamenikuta. Na haikuwa tai wala pafyumu. Ilikuwa saa, Longines iliyokwisha kuvaliwa na mtu mwingine, niliyoiona kwenye duka moja Dubai nikiwa safari ya kikazi. Niliichangia mwenyewe, kidogo kidogo, kwa miaka miwili. Uso mweupe, mishale myembamba, kitu cha heshima kabisa. Muuzaji akasema mkanda wa zamani umechakaa, akautoa na kunifungia mpya, mweusi, wenye magamba kama ya mamba. Mkanda huo uling'aa, jamani! Uling'aa kama kiatu cha askari siku ya gwaride. Chini ya taa za dukani nikaona sawa tu.

Mume wangu aliivaa siku mbili. Siku ya tatu nikaikuta drooni. Kumuuliza, anasema anaogopa kuibiwa kwenye daladala. Hatupandi daladala, tuna gari. Nikanyamaza, lakini jambo hilo lilinikaa rohoni miezi mitano, na kila nilipomwona anaangalia saa kwenye simu nilisikia kitu kinanichoma hapa kifuani.

Basi Julai mwaka jana ikaja harusi ya shemeji yangu, kwao Ulyankulu. Tuna miaka miwili ya ndoa na sikuwa nimewahi kufika huko, kwa sababu mambo yetu ya kifamilia yalifanyikia Dar. Nikapanga nguo, nikapanga zawadi za wakwe, na chini kabisa ya begi, ndani ya soksi yake ileile, nikaificha saa. Nilitaka aivae mbele ya wazazi wake. Kusema kweli nilitaka nionekane mke aliyemtunza mtoto wao.

Tulilala Tabora usiku mmoja, na kama una haraka ya maisha nakushauri usilale mmoja, lala miwili. Mji una miembe mikubwa ya zamani, kivuli chake baridi, na watu hawakimbii. Asubuhi ya Julai kuna kibaridi cha kukufanya umkumbatie mwenzako bila sababu. Tukachukua bodaboda mbili hadi Kwihara, nje kidogo ya mji, kuliona tembe alilokaa Livingstone. Ni nyumba ya udongo yenye kuta nene na ua katikati. Stanley alimwacha hapo Machi 1872 akarudi pwani. Mzee akabaki akisubiri wapagazi na mizigo, hadi Agosti mwaka huohuo alipoondoka kwenda safari ambayo hakurudi akiwa hai.

Kitu kilichonishika pale ni mizigo. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilibeba vitambaa vya merikani, nyaya za shaba na shanga, mabegani mwa wapagazi ambao wengi walikuwa Wanyamwezi wenyewe. Na shanga hazikuwa shanga tu. Kila nchi ya njiani ilikuwa na rangi yake na saizi yake, na fasheni ilibadilika. Huku walitaka nyekundu, kule nyeupe, kwingine nyeusi. Mfanyabiashara aliyekosea rangi alifika na furushi zima linalometameta ambalo hakuna aliyelitaka hata kwa kuku mmoja. Nilimtazama mume wangu, naye alikuwa anapiga picha mlango. Nikaendelea kunyamaza.

Kesho yake tukapanda Noah kwenda Ulyankulu, watu kumi na mmoja na tenga la kuku. Vumbi jekundu, misitu ya miombo, halafu mashamba ya tumbaku yaliyokwisha kuvunwa na mabani ya kukaushia yamesimama kama nyumba zisizo na madirisha. Njiani mume wangu, ambaye Dar ni mtu wa maneno machache, akageuka kuwa mwalimu wa historia. Akanionyesha kule ilikokuwa nchi ya Mirambo. Mwaka 1871 mtemi huyo alipoifunga njia ya kwenda Ujiji, Waarabu wa Tabora wakamwendea kwa vita, na Stanley akiwa upande wao. Kijana mmoja, Soud bin Sayd, akachukua watu kama mia tano akaiteka Wilyankuru, ndivyo Stanley alivyoliandika jina la huku. Wakatoka wamebeba pembe za ndovu na marobota ya vitambaa. Mirambo alikuwa amewatangulia, kajilaza na watu wake kwenye nyasi ndefu pembeni ya njia. Wakaja wamelemewa na mizigo, mikono imejaa. Soud hakurudi Tabora.

"Kwa hiyo usije Ulyankulu na vitu vingi," akasema, na abiria wote wakacheka. Mimi nikafikiria ile soksi.

Ulyankulu ya leo iko wilaya ya Kaliua, na sehemu kubwa ya watu wake walifika kwa kukimbia. Mwaka 1972, mauaji yalipotokea Burundi, maelfu ya Wahutu walivuka mpaka, na serikali ikawapa ardhi katika makazi matatu: Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Walipewa majembe na msitu. Njia za makazi zinaitwa kwa namba, na kama wewe ni mpenzi wa kwaya basi Barabara ya 13 unaijua hata kama hujakanyaga Tabora. Baba mkwe wangu alifika akiwa kijana mdogo. Mume wangu na wadogo zake wote wamezaliwa hapo. Mwaka 2014 ndipo serikali ilipoanza kugawa vyeti vya uraia kwa zaidi ya watu 160,000 wa kundi lile la 1972. Fikiria, miaka arobaini na mbili.

Tulipokelewa kwa vigelegele. "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu, karibu kwenu." Mama mkwe akanivuta jikoni hapohapo, na huko sina malalamiko: ugali wa muhogo, maharage yaliyopikwa yakapikika, karanga mbichi za kuchemsha, na asali ya nyuki wakubwa iliyorinwa wiki hiyo, nyeusi nyeusi, ina harufu ya moshi. Ukila asali ya Tabora pale pale Tabora, ile ya supamaketi utaiona kama maji ya sukari.

Usiku, chumbani, nikaitoa saa. "Kesho uivae," nikamwambia. "Kwa ajili yangu."

Hakukasirika kwa kelele. Alikaa kitandani akaishika mkononi, akaigeuza kwenye mwanga wa taa ya sola, na ule mkanda ukamulika ukutani. Akaniambia kwamba sekondari, huko mbali na makazi, walimwita "mkimbizi" miaka yote minne. Siku aliyovaa viatu vipya alivyonunuliwa na baba yake kwa pesa ya tumbaku, darasa zima lilimuuliza kaiba wapi. "Tangu siku hiyo kitu kikiwa kinang'aa mwilini mwangu nasikia kama watu wananiuliza tena swali lile," akasema. "Saa naipenda. Ni huu mkanda. Unaanza kuongea kabla sijafungua mdomo."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, ningekwambiaje, ulikuwa umefurahi sana. Nililia kidogo, siwezi kuficha. Miezi mitano nilikuwa nadhani hanipendi, kumbe ni viatu vya fomu two.

Sasa, mkanda unaong'aa kupita kiasi unaufanyaje? Mimi mtu wa mjini nilikuwa na jibu tayari: asetoni ya kutolea rangi ya kucha. Nilikuwa nayo kwenye pochi. Namshukuru Mungu asubuhi tulimpitia kwanza fundi viatu wa sokoni, mzee aliyekaa chini ya mwembe na kalibu zake za miti. Aliukunja mkanda, akaukwaruza kidogo kwa ukucha upande wa ndani, akacheka. "Hii siyo mamba. Ni ngozi ya ng'ombe imepigwa chapa. Ona magamba yote yako sawasawa, mamba gani huyo? Na huu mng'ao siyo wa ngozi, ni rangi ya juu, kama plastiki."

Akanipa darasa ambalo nakupa na wewe bure. Ngozi halisi ya mamba inayong'aa huwa imesuguliwa kwa jiwe gumu mpaka ikatoa mwanga wake yenyewe, na ukiivaa, jasho na mikono vinaipunguza makali taratibu. Lakini ile iliyopakwa haina subira hiyo. Msasa utaiacha na mikwaruzo. Asetoni itayeyusha ule utando, ni kweli, lakini itaondoka na rangi nyeusi pia, ubaki na mkanda wenye mabaka kama mbwa wa mtaani. Kitambaa chenye unyevunyevu na kuivaa kila siku kwa miezi miwili mitatu ndiyo njia isiyo na majuto. Nta ya nyuki nayo inafaa ngozi iliyo wazi, mradi uipake kidogo na usiisugue sana baadaye. Ukisugua, unaurudisha mng'ao uleule uliokuwa unaukimbia. Kwenye plastiki nta haiingii kabisa, inakaa juu tu kama mafuta kwenye sahani.

"Bora nikukatie mwingine," akasema. Tukakubaliana.

Hapo ndipo baba mkwe akatukuta, ametumwa mkaa. Akauliza kuna nini, mume wangu akamweleza kwamba mkanda unang'aa mno. Mzee akauchukua, akaunyanyua juani, akauangalia mbele na nyuma. "Unang'aa mno?" akauliza. "Kitu kipya kisipong'aa, king'ae lini?" Alishangaa kweli, hakuwa anatania. Halafu akatoa kwenye mfuko wa shati saa yake, Seiko 5 ya siku nyingi, haina mkanda, anatembea nayo mfukoni kama sarafu. Fundi akapima kwa rula: milimita kumi na nane. Akapima ya mume wangu: kumi na nane.

Hakuna aliyesema kitu kwa muda. Mimi nilikuwa naangalia zawadi yangu. Niseme ukweli, iliniuma, maana hata kama ni plastiki, niliibeba kutoka Dubai. Mume wangu ananiangalia mimi, hasemi, anasubiri. Nikamwambia fundi, "Mfungie baba."

Fundi akabandika vipande vya selotepu kwenye pembe za Longines asiikwaruze, akachomoa vile vipini vya springi kwa ncha ya kisu. Nawe ukijaribu nyumbani usisahau hiyo selotepu, na fanyia juu ya taulo, maana kipini kikiruka umekikosa. Baba mkwe akanyoosha mkono, akavalishwa. Akakunja shati mpaka kwenye kiwiko na hakulishusha tena siku nzima. Harusini kila aliyemsalimia alipewa mkono wa kushoto juu ya wa kulia, ili saa ionekane. Jioni aliniita ndani akanionyesha cheti chake cha uraia. Amekitia lamineshi. Kinang'aa hata husomi vizuri mpaka ukiinamishe pembeni.

Mkanda wa mume wangu ulikuwa tayari saa nane, ibada ilishaisha, tunaingia kwenye chakula. Ngozi ya ng'ombe ya kahawia, nene kupita inavyotakiwa, matundu hayako kwenye mstari mmoja, na unanuka moshi na nta. Fundi alikataa pesa ya pili aliyopewa kama bahashishi, akasema nimletee nyuzi nzuri nikija tena. Mume wangu aliuvaa, akacheza mpaka usiku, na sikumwona akiivuta mikono ya shati hata mara moja.

Ni mwaka sasa. Harufu ya moshi imeisha. Ngozi imekuwa nyeusi kidogo upande wa ndani, na tundu la tatu limepanuka kwa sababu ndilo analolitumia kila siku. Nyuzi za fundi nimeshanunua, ziko kwenye droo ya soksi.