Harufu ya esanse katika gari letu

Wengi mliuliza kwa nini mchele wetu wa kutoka Kasongo ulinuka esanse. Wanunuzi waliukataa sokoni, na wenzetu wenye watoto mgongoni walishuka garini kichwa kikiwauma.

Gari lenyewe ni pikapu ya zamani, sote tuliichangia. Fundi wa kwanza alilala chini yake, hakuona tone, akasema rezervuari ni nzima. Lakini kilichotoka ni mvuke, na mvuke hauachi alama mchangani. Fundi wa pili, kijana mpole, alituonyesha kopo jeusi karibu na mota. Limejaa makaa (ndiyo, makaa, ila si ya mbabula) yanayonasa mvuke wa rezervuari hadi mota iunyonye na kuuchoma. Asubuhi, mota ikiwa baridi, mbali na moto wowote, alichomoa tiyo kwenye kopo, akapuliza hewa polepole kwa pompi ya kinga, sisi tukipaka povu la sabuni. Kwenye kifuniko cha rezervuari povu lilitulia. Nyuma ya gurudumu, pale tiyo inapopinda, likachemka: mpira umekauka, umepasuka.

Tumenunua tiyo ya esanse, si ya maji, maana esanse hulainisha mpira wa maji. Harufu imeisha.

Zimebaki bido za esanse mnazouzia nyumbani. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini, pale watoto wanapolala na mbabula inapowaka. Kuanzia Jumatatu tutazipokea kwenye kibanda cha nje, nyuma ya ghala.