Kipanga wa Bandia

Juu ya kabati la vyombo nyumbani kwetu Wawi, Pemba, amekaa ndege mweusi wa sentimita 30. Kila mgeni anayeingia humwita kunguru. Mama ameshachoka kusahihisha watu, na yeye mwenyewe anapofuta vumbi husema, "Sogea, we kunguru." Ni kipanga. Ni nakala ya yule wa senema ya Kimarekani The Maltese Falcon, iliyotoka mwaka 1941, na nimemtengeneza kwa mkono wangu: printa ndogo, uzi wa plastiki, msasa, na chubwi za mshipi.

Kwa ambaye hajaiona, senema yenyewe inahusu watu wanaofukuzana, kudanganyana na kuuana kwa ajili ya sanamu ya ndege. Inasemekana ni ya dhahabu na vito, imepakwa weusi tu ili isitambulike. Mwishoni bwana mmoja mnene anaipata, anaikwangua kwa kisu, anakwangua tena kwa pupa, na chini ya weusi hamna dhahabu. Ni risasi, yale madini mazito ya kijivu. Damu yote ile imemwagika kwa kitu cha bandia. Lakini mwaka 2013, mjini New York, sanamu moja ya risasi iliyotumika katika senema hiyo ilipigwa mnada ikapata zaidi ya dola milioni 4.

Nilipomtajia mama bei hiyo aliacha kushona.

"Aliyenunua aliambiwa ni ya bandia?"

"Aliambiwa, mama."

"Basi hakuibiwa." Akarudi kwenye kofia yake.

Nimekaa na jibu hilo muda mrefu. Neno bandia tunalitumia kama tusi, na tuna haki: noti bandia, dawa bandia, mbegu bandia zisizoota. Lakini dada zangu walilea watoto wa bandia wa matambara, wakawaogesha na kuwaimbia, na hakuna aliyewaita waongo. Babu alikuwa na meno ya bandia, akiyalaza usiku ndani ya bilauri ya maji. Sisi wavulana tulikuwa na bunduki za mgomba: unauchukua mgongo wa jani, unauchanja vipande vidogo, unavisimamisha, kisha unavipitishia mkono kwa nguvu vikalia ta-ta-ta-ta hadi jirani akatoka na ufagio. Neno ni lilelile, na hatujawahi kuhitaji jingine.

Printa niliinunua Dar es Salaam ikiwa imeshatumika, ikaja kwa boti hadi Mkoani, mimi nimeipakata kama mtoto mchanga. Haichapi karatasi. Inayeyusha uzi wa plastiki katika pua yenye joto la nyuzi 200 na zaidi, inachora tabaka moja, inapanda kidogo, inachora jingine. Wanawake wanaofinyanga kwetu wataielewa upesi kuliko mimi nilivyoielewa, maana chungu nacho hujengwa hivyo, mkanda wa udongo juu ya mkanda. Tofauti ni kwamba mkanda wa mashine hii una unene wa moja ya tano ya milimita. Ndege wa sentimita 30 alikuwa mrefu kuliko mashine, ambayo mwisho wake ni 25, kwa hiyo nilimkata kifuani nikamchapa mara mbili.

Nilimchapa zaidi ya mara mbili, nikisema kweli. Umeme wetu unapita chini ya bahari kutoka Tanga tangu mwaka 2010, nasi tunaushukuru, ila kipande cha saa 11 hakitaki kukatikiwa na umeme saa ya tisa. Nikabaki na kipanga asiye na mabega. Cha pili kiliharibiwa na masika. Uzi ule hunywa unyevu wa hewa. Ukishalowa, puani unasikika ukichemka, na kazi inatoka imeota nywele. Mama alitazama akasema tu, "Kwani hujui kuanika?" Mtu aliyekulia kwenye karafuu anaambiwa hivyo! Nikauanika uzi juani, kisha nikautia ndani ya ndoo yenye mfuniko na mchele mkavu, na kweli ukatulia. Hapo nikajiona fundi. Kipande cha kifua kilipopakwa rangi ya kwanza nikakiweka juu ya bati saa saba mchana kikauke haraka. Plastiki hii hutokana na wanga wa mahindi au miwa, nayo huanza kulegea kwenye nyuzi 60 hivi. Niliporudi, kifua kilikuwa kimeinama kama mzee anayetafuta sindano.

Watu husikia "printa" wakadhani kazi ni kubonyeza kitufe. Mashine ilikula siku mbili. Msasa ulikula wiki tatu. Kila tabaka huacha mstari, na ndege mzima hutoka ana michirizi kama kidole cha mkono. Unajaza kinyunga kile wanachojazia mabonyeo mafundi wa bodi za magari, unasugua, unapaka, unaona palipobaki, unajaza tena. Nilisugua ndani ya beseni la maji ili nisivute vumbi. Na huko barazani, magoti yamelowa, ndipo nilipokumbuka kwamba msasa ni mti kabla ya kuwa karatasi. Majani yake yanakwaruza, na maseremala wa zamani walilainishia mbao kwa hayo. Tunasema mtu amepigwa msasa tukiwa na maana nzuri, kana kwamba kusuguliwa ni zawadi. Aliyesuguliwa hakuulizwa.

Kisha ikaja gundi. Nilinunua gundi ya kuchanganya, mirija miwili ndani ya boksi zuri lenye jina kubwa, bei kubwa pia. Nikachanganya, nikabandika kichwa na kiwiliwili, nikafunga kwa mpira, nikalala. Usiku wa manane ukasikika mshindo.

"Nani huyo?" mama akaita kutoka chumbani.

"Kipanga, mama. Kichwa kimeanguka."

Gundi ilikuwa bandia. Nilikasirika kupita kiasi, na hasira hiyo ikaanza kunichekesha kabla ya alfajiri: mtu aliyekesha wiki kadhaa akitengeneza bandia anamlaani mwenzake kwa kuuza bandia! Asubuhi nilirudi dukani. Muuzaji alinisikiliza, akanionesha maboksi mengine kumi ya aina hiyo, akasema naye ameuziwa. Sikuwa na la kumjibu. Lakini njiani nilijua kilichoniuma. Angeniambia gundi hii ni ya bei rahisi na haina nguvu, ningeinunua nikabandikia karatasi, tukaachana kwa salama. Udhaifu wa gundi haukunidhulumu kitu. Lile boksi ndilo lililonidhulumu.

Mama anaijua habari hii kabla yangu. Kofia ya viua humchukua wiki nyingi, tundu moja baada ya jingine, kila tundu limezungushiwa uzi. Siku hizi zipo kofia za mashine kutoka nje kwa bei ya maandazi, na nilidhani anazichukia. Hazichukii. Kofia ni kofia, husema, asiye na uwezo avae hiyo. Nilimwonesha kwenye simu taji jeupe la malkia katika senema ya Black Panther ya mwaka 2018. Mbunifu Julia Koerner alilichapa kwa printa kubwa, kwa ajili ya mavazi ya Ruth E. Carter aliyepata Oscar mwaka uliofuata, wakiiga kofia za wanawake wa Kizulu walioolewa. Mama aliikuza picha kwa vidole viwili, akatazama matundu. "Yamelingana mno," akasema. "Mkono haulingani hivi. Lakini zuri." Anachokichukia ni muuzaji wa sokoni anayeishika kofia ya mashine na kumwapia mtu kwamba imeshonwa Pemba.

Kilichobaki kilikuwa uzito. Yule wa New York ana uzito wa kilo 20 hivi, na wangu alikuwa mwepesi kama kikapu. Jicho unaweza kulidanganya kwa rangi, mkono haudanganyiki. Mvuvi mmoja wa Vitongoji akanipa chubwi kuukuu za mshipi, nikazizika tumboni mwa ndege pamoja na mchanga. "Risasi hizo," akaniambia, "usizichezee kisha ukala." Mpwa wangu, aliyekuwa ananisaidia, aliidaka ile risasi kwa maana yake nyingine.

"Mjomba, tukimaliza huyu tutengeneze bunduki."

Ombi lenyewe halikuwa baya. Nilikuwa nimemsimulia juu ya Wakaliga, mtaa wa Kampala, ambako Isaac Nabwana, aliyewahi kufyatua matofali, alitengeneza senema ya Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa fedha kidogo za kushangaza. Bunduki zake zinaundwa na Dauda Bisaso kwa vyuma chakavu na mabomba, na uani kuna helikopta ya vyuma ambayo haijawahi kuruka ila ndani ya kompyuta. Naiheshimu kazi ile kuliko ninavyoiheshimu yangu. Mimi nilinakili ndege wa watu. Wao walibuni wakiwa na jaa la taka. Basi nikafungua mdomo kumkubalia mtoto.

"Humu ndani hapana," mama akasema, bila kuinua uso.

Mpwa wangu hakuelewa, hakuwa amezaliwa. Mwezi Januari mwaka 2001 maandamano hapa Pemba yalimalizikia kwa risasi. Watu walikufa, na wengi wakavuka bahari usiku hadi Shimoni, Kenya, kuomba hifadhi. Mama hajawahi kunisimulia alichokiona. Najua tu kwamba mlango ukipigwa na upepo yeye huinama kwanza, kisha ndipo huangalia. Watazamaji wa senema hufurahia kushtuliwa na bunduki kwa sababu wanajua wako kwenye viti. Sharti hilo dogo ndilo linalobeba mchezo mzima, na kuna nyumba ambazo halipo. Hata huko kwenye senema zenyewe liliwahi kukosekana: tarehe 21 Oktoba 2021, jimbo la New Mexico, bastola iliyotangazwa kuwa salama ilikuwa na risasi ya kweli, na mpigapicha Halyna Hutchins akafa kazini. Pale kitu cha kweli ndicho kilichojifanya bandia.

Hatukutengeneza bunduki. Mpwa wangu alichapa kobe.

Ningependa kuishia hapo nikiwa mtu mwema, lakini kuna kijana anayetembeza wageni wanaoshuka uwanja wetu wa ndege. Alimwona kipanga kabatini, akamnyanyua, akashtuka kwa uzito, akakaa kitako.

"Ami," akasema, "huyu tukimzika miezi miwili akachakaa, nikasema katoka Pujini, kwenye ngome ya kale ya Mkama Ndume, mgeni ataomba mwenyewe kununua. Laki tano. Nusu yako."

Sikumfukuza. Ilikuwa Januari, sare na madaftari ya skuli, na bati la jikoni lilikuwa linavuja juu ya printa yenyewe. Nilikaa na laki mbili na nusu zile kwa siku mbili, nikazigawa kichwani hadi senti ya mwisho. Nilijiambia mgeni ana pesa. Nilijiambia hata katika senema ndege alikuwa wa bandia. Siku ya tatu nikamweleza mama kana kwamba ni jambo la mtu mwingine.

"Mgeni ataambiwa?"

"Haambiwi."

Hakuongeza neno. Akauma uzi kwa meno, akachomeka sindano kifuani kwenye kanga, akaenda kuchukua udhu.

Usiku ule nilimgeuza kipanga miguu juu, nikapasha msumari motoni, nikachoma herufi kwenye kitako chake: BANDIA. WAWI. Plastiki ikatoa harufu ya sukari inayoungua. Kijana alipokuja alimgeuza, akasoma, akacheka sana, kisha akaniuliza ninamuuza kiasi gani huyohuyo mwenye maandishi.

Nikamwambia elfu themanini. Bado hajarudi.