Homa Imeshuka, Mtoto Arudi Shule Lini?

Mzazi wa mjini hukata mashauri mengi kabla ya jua kuchomoza, lakini sijui kama kuna shauri zito kuliko hili: mtoto aliyekuwa akichemka kwa homa juzi avae sare leo, au abaki kitandani? Basi la shule liko langoni likipiga honi. Kazini unasubiriwa. Naye mtoto mwenyewe anaapa kwamba amepona.

Zamani swali hili halikutukosesha usingizi. Mafua yalikuwa mafua tu, na mtoto alikwenda shule akiwa na kitambaa cha kupangusia kamasi mfukoni. Kisha ikaja korona. Kisa cha kwanza kilitangazwa nchini Machi 13, 2020, na siku mbili baadaye serikali ikaamuru shule zote zifungwe. Wanafunzi wa gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne walirejea Oktoba 12 mwaka huo. Waliosalia walikaa nyumbani hadi Januari 4, 2021. Kwa jirani zetu wa Uganda, kuna madarasa yaliyongoja hadi Januari 10, 2022.

Mwanangu alikuwa miongoni mwa hao waliosalia. Shule zilipofungwa alikuwa gredi ya kwanza, ndiyo kwanza anaanza kuunganisha silabi. Aliporudi tulianza upya: a, e, i, o, u. Kwa hivyo msomaji ataelewa kwa nini nyumbani kwetu kila siku ya shule ilihesabiwa kama shilingi ya mwisho mfukoni.

Jumanne, Januari 11, 2022, alirudi jioni akiwa amelegea, mwili moto kama jiko. Kipimo kilionyesha korona. Nyumba yetu ni ya vyumba viwili vya kulala, na katika kimoja alikuwamo mama mkwe wangu, mgonjwa wa kisukari wa miaka mingi, aliyekuja Nairobi kwa ajili ya kliniki. Nilimhamishia mtoto chumbani mwetu, mume wangu akalala sebuleni, na madirisha yakawa wazi mchana kutwa.

Siku ya nne homa ilishuka. Siku ya tano mtoto akaomba chai na mkate. Hapo ndipo ubishi ulipoanza.

"Mama watoto, huyu amepona. Jumatatu aende," akasema baba yake. Hoja aliyokuwa nayo haikuwa ndogo. Muhula huo ulikuwa wa majuma tisa tu, maana kalenda ya masomo ilibanwa ili kufidia muda uliopotea. Jirani yetu naye alinishauri nimpe mtoto dawa ya kushusha homa kila asubuhi kabla ya kuondoka, ili mwalimu akimgusa paji la uso asimrudishe.

Ushauri kama huo wa jirani hutolewa katika nyumba nyingi, tena kwa nia njema, na ndio ulio hatari zaidi. Paracetamol haiondoi ugonjwa. Huituliza homa kwa saa nne hadi sita hivi, basi. Ikifika wakati wa chakula cha mchana nguvu ya dawa imekwisha, mtoto anatetemeka darasani, na wenzake wa dawati moja wamevuta pumzi yake tangu asubuhi.

Daktari alitueleza kwamba kanuni ya Shirika la Afya Duniani, WHO, wakati huo ilikuwa siku 10 tangu dalili zianze, kisha angalau siku 3 nyingine bila homa wala kikohozi. Nilihesabu kwenye kalenda ya ukutani, nikaangukia Jumatatu, Januari 24. Shule nayo ilidai cheti cha kipimo kipya cha kuthibitisha kwamba mtoto hana virusi. Daktari akatikisa kichwa. Kipimo cha PCR, alisema, chaweza kuendelea kunasa mabaki ya virusi kwa majuma kadhaa, hata miezi mitatu, ilhali mtoto hamwambukizi mtu tena. Badala ya kutupotezea pesa alituandikia barua, na shule ikaikubali baada ya simu mbili.

Lakini lililonisaidia zaidi halikutoka kliniki. Siku ya saba mtoto alicheza mpira wa makaratasi chumbani kwa dakika tano, kisha akaketi sakafuni akihema, jasho likimtoka, huku akisema anapumzika kidogo tu. Mama mkwe alikuwa akimsemesha kutoka ukumbini, kwa mbali. Akaniita.

"Mwanangu," akaniambia, "usisikilize mdomo wa mtoto, tazama miguu yake. Mdomo husema anachokitaka. Miguu husema anachokiweza."

Tangu siku hiyo nikawa mtazamaji. Je, amepita mchana na usiku mzima bila homa na bila dawa? Amelala pasipo kuamshwa na kikohozi? Amemaliza chakula chake? Anaweza kucheza kwa muda bila kutafuta mahali pa kuketi? Nilipojibu ndiyo kwa yote manne, tarehe ya daktari ilikuwa imefika.

Alikosa siku nane za masomo. Nilimwandikia mwalimu wake nikimwomba asimruhusu kukimbia uwanjani kwa muda. Juma la kwanza alisinzia juu ya dawati mara mbili, na mwalimu, Mungu ambariki, hakumwita mvivu. Kufikia katikati ya Februari alikuwa akifukuzana na wenzake kama kawaida. Bibi yake hakuugua. Alimaliza kliniki yake akarejea kijijini.

Mambo yamebadilika tangu wakati huo. Mei 5, 2023, WHO lilitangaza kwamba korona si dharura ya dunia tena, na zile siku 13 za kujifungia zimepitwa na wakati. Uingereza ilishauri kwamba mtoto aliyepatikana na virusi akae nyumbani siku 3 baada ya kipimo. Machi 2024, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilisema mtu aweza kurejea shughuli zake ikiwa kwa saa 24 dalili zimekuwa zikipungua na homa imeondoka bila dawa. Kisha ajihadhari kwa siku 5 zaidi kwa barakoa, hewa safi na kunawa mikono.

Kanuni hizo ni nzuri, nami nazifuata. Hata hivyo, hazijui ni nani anayelala chumba cha pili nyumbani kwako. Hazijui kama mtoto anayeketi karibu na wako ana pumu au selimundu. Hesabu ya siku ni mwanzo wa uamuzi. Sehemu iliyobaki ni ya mzazi, na hakuna daktari wala mwalimu mkuu awezaye kumfanyia.

Wapo pia wazazi waliovuka mpaka upande wa pili, ambao mtoto akipiga chafya moja hufungiwa juma zima. Kikohozi chepesi chaweza kubaki kwa majuma kadhaa. Mtoto mchangamfu, asiye na homa, anayekula na kulala vyema, mahali pake ni darasani. Mwaka 2020 ulitufunza hasara ya kukaa nyumbani, na kuna watoto ambao mlo wa shuleni ndio mlo wao wa uhakika.

Akisharudi, usiache kumwangalia. Mara chache sana, majuma mawili hadi sita baada ya korona, homa kali huzuka upya pamoja na vipele, macho mekundu, kutapika au maumivu ya tumbo. Huyo ni wa kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo mtoto anayepumua kwa shida, anayelalamikia kifua, au ambaye midomo yake imebadilika rangi.

Nina ombi kwa walimu wetu. Ile zawadi ya kufunga muhula anayopewa mwanafunzi ambaye hakukosa hata siku moja humfunza mtoto kuficha homa, na humfunza mzazi kumsaidia kuificha. Nanyi waajiri, mama au baba anayeomba siku mbili za kumuuguza mtoto si mtoro. Anawakinga watoto wa wenzake, wakiwamo wenu.

Zile siku nane tulizifidia kwa daftari la rafiki wa mwanangu, ukurasa mmoja mmoja, jioni baada ya chakula. Tulimaliza kabla ya mwezi kwisha. Masomo hufidiwa. Bibi hafidiwi.